Mtani Aliyekula Pilipili

— Ngano, ngano!

— Njoo, ngano, tukae nayo!

— Ije na nini?

— Ije na chumvi!

— Na pilipili?

— Kidogo!

— Kidogo haipo. Mliotaka kidogo sogeeni nyuma kule, karibu na mtungi wa maji. Tayari?

— Tayari!

Hapo kale, ndege walipokuwa na vihenge na nyani walipokuwa bado na aibu kidogo, aliishi shore mmoja jina lake Bi Kishungi. Shore mnamjua. Ndege mdogo wa kahawia, kichwa cheusi, nywele zimemsimama utosini kama mtu aliyeamshwa ghafla, na chini ya mkia ana doa la manjano. Bi Kishungi alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na mwewe, na habari za mwewe si ngano ya leo. Alibaki na makinda watatu wasio na manyoya, kihenge kimoja cha mtama, na kichaka kimoja cha pilipili kichaa kilichojiotea karibu na mlango.

Ndani ya kihenge mlikuwa na vikapu vinne. Vikapu vinne, wakila kwa kujibana, vingewavusha masika mpaka mavuno. Vikapu vitatu, watoto wangekonda. Viwili, mmoja wao angekufa. Kikapu kimoja, hilo Bi Kishungi hakupenda kulifikiria, na kwa hiyo alikuwa akilifikiria kila siku.

Sasa, ng'ambo ya kijito aliishi Nyani dume, Bwana Taya. Alikuwa na mikono mirefu, meno marefu, na tumbo lisilojua neno basi. Hayo peke yake yangevumilika. Ubaya ni kwamba Bwana Taya alikuwa mtani wake.

Utani ulianza hivi. Siku moja ya sherehe, babu yake Nyani alimtemea babu yake Shore mbegu ya ubuyu kichwani, tii! Babu Shore hakukasirika, akacheka. Kisha akaruka juu na kumnyea babu Nyani begani, pwata! Babu Nyani naye akacheka. Wazee wa pande zote mbili wakasema, hawa sasa ni watani, wao na watoto wao na wajukuu wao. Na utani wa nchi ile ulikuwa na sheria moja tu: mtani hakasiriki. Anakutukana, unacheka. Anachukua kitu chako, unacheka. Anayekasirika kwanza ndiye aliyeua utani, na yeye ndiye atakayelipa. Kama alichukua vitu, atavirudisha vyote. Kama hakuchukua kitu, atatoa alicho nacho.

Basi siku moja, ndu, ndu, ndu, Bwana Taya huyo anakuja.

"Hodi, mtani!"

"Karibu, mtani."

"Mtani, nimeota ndoto. Babu yangu kanijia, kasema, nenda kwa Shore ukachukue kikapu cha mtama. Ndege akila sana hawezi kuruka. Mimi nakuonea huruma tu."

Akaingiza mkono kihengeni, akatoa kikapu, akakipandisha begani. Bi Kishungi akasimama mlangoni akitetemeka kuanzia kishungi mpaka mkia.

"Mbona kimya?" akasema Nyani. "Cheka, mtani, cheka!"

Bi Kishungi akacheka, "Kwi, kwi, kwi." Kilikuwa kicheko kikavu, lakini sheria haikusema kiwe na maji.

Na msidhani Nyani alikuwa na njaa. Pangoni mwake muhogo ulijaa mpaka mlangoni. Ule mtama aliutandika chini akaulalia. Aliona unapoza mgongo.

Bi Kishungi akarudi kuwalisha watoto. Akachuma pilipili nyekundu, kinda wa kwanza moja, wa pili moja, wa tatu moja, na yeye mwenyewe mbili. Alipokuwa anameza ya pili, swali likamjia. Akashuka chini ya kihenge, anakoishi Panya.

"Ndugu Panya, nina swali."

"Sema, Bi Kishungi."

"Nyani kapita mlangoni kwangu mwaka mzima. Kala mapera, kala ndizi mbichi, kala mpaka maganda ya mti. Pilipili zangu hagusi hata moja. Kwa nini?"

Panya akamtazama. "Unauliza kweli, au na mimi umeshaanza kunitania?"

"Nauliza kweli."

"Si kwa sababu ni kali!"

"Kali ndiyo nini?"

Panya akakaa kitako. Lazima niwaambie, ninyi msiojua: ulimi wa ndege hauujui ukali wa pilipili. Mungu alipokuwa anagawa ukali, wanyama wote walipanga foleni chini, na ndege walikuwa juu. Kwa ndege, pilipili kichaa ni kama kipande cha tikiti. Bi Kishungi alikuwa amekaa na kile kichaka umri wake wote, hajui alicho nacho.

"Kali," akasema Panya, "ni kwamba ukiitia mdomoni, mdomo unawaka. Mama yangu alipotaka niache ziwa, alilipaka pilipili. Nililia siku mbili na ziwa sikulitaka tena. Watu wanaichanganya na mahindi ghalani, dumuzi hawaingii, na sisi panya hatuingii. Wanaichoma pembeni mwa shamba pamoja na mavi ya tembo makavu, na tembo mwenyewe, na ukubwa wote ule, akisikia ule moshi anageuza njia. Mgonjwa wa mafua wanamtilia kwenye supu, kamasi zinafunguka. Wanatia kwenye mchuzi, wanatia kwenye achari..."

"Ngoja. Kitu kinachowaka, wanakitia kwenye mchuzi?"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Na wengine wanaomba waongezewe."

Bi Kishungi akaona watu ni viumbe wa ajabu, ila hakuwa na nafasi ya kuwafikiria. Alikuwa na vikapu vitatu. Akachuma pilipili, akazianika zikakauka, akazitwanga, tu! tu! tu! Akauchanganya unga wake na mtama wote wa kihengeni. Akasema moyoni, haya, na aje sasa.

Ndu, ndu, ndu. Akaja.

"Hodi, mtani! Babu kanijia tena ndotoni!"

"Karibu, mtani."

Nyani akatoa kikapu, akainamisha pua, akanusa. "Chyaa!" Akapiga chafya mara moja, macho yakamtoka. Bi Kishungi akasubiri. Nyani akafuta pua, akakipeleka kikapu kijitoni, akauosha mtama, chwa, chwa, chwa, maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu. Akauanika juu ya mwamba. Ulipokauka akaubeba, na alipopita mlangoni kwa Shore akapunga mkono.

"Ahsante kwa kunikolezea, mtani! Cheka, mtani, cheka!"

"Kwi, kwi, kwi," akacheka Bi Kishungi. Vikabaki vikapu viwili.

Safari hii akakumbuka tembo. Kama tembo anageuza njia, akasema, Nyani ni nani? Akaokota mavi ya tembo makavu, akaweka pilipili juu yake, akawasha moto mlangoni. Moshi ukapanda, fuu, fuu, fuu. Yeye na watoto walikaa katikati yake hawana habari.

Ndu, ndu, ndu. Nyani akaja mpaka kwenye kona, akausikia ule moshi. Akalamba kidole, akakiinua juu, akajua upepo unatoka wapi. Akaenda upande unakotoka upepo, akakaa juu ya jiwe, akaanza kujikuna kwapa.

Upepo ukaubeba moshi, ukaupeleka moja kwa moja chini ya kihenge.

"Chyaa! Chyaa! Chyaa! Bi Kishungi!" akalia Panya. "Mbona unaniua mimi! Nilikuibia lini?"

Moto ukawaka mpaka ukazimika. Nyani akashuka kwenye jiwe, akajinyoosha, akaingia.

"Mtani, ahsante kwa kunifukizia nyumba. Umenipokea kama bwana harusi. Cheka, mtani, cheka!"

Akabeba kikapu cha tatu. Bi Kishungi akacheka, na safari hii ilibidi avute pumzi kwanza ndipo kicheko kitoke.

Kikabaki kikapu kimoja.

Aliogopa. Nasema hivyo kwa sababu wengi wanadhani mwerevu haogopi. Bi Kishungi aliogopa hata akasahau kula. Aliwatazama makinda wake, mmoja, wawili, watatu, akajiona anachagua. Hataki kuchagua, lakini macho yake yalikuwa yanachagua yenyewe, yanatua kwa yule mdogo, na akayachukia macho yake.

Halafu akafikiri hivi. Mimi namsukumia Nyani pilipili, naye anakwepa. Nampa mtama wenye pilipili, anaosha. Nampa moshi wa pilipili, anahama upepo. Tangu nimjue Bwana Taya, kitu asichokwepa ni kimoja tu, kile alichonyimwa.

Akamwita Kanga, jirani mwenye madoa, ambaye kazi yake ni kutangaza. "Bi Kanga, watoto wangu wanatimiza arobaini. Nitawatoa nje. Watangazie majirani." Kanga akaondoka mbio, "Arobaini! Arobaini! Arobaini!" Hata walioko ng'ambo ya kijito walisikia, na ndivyo Bi Kishungi alivyotaka.

Siku ya siku ikafika. Akaja Kanga, akaja Panya, akaja Digidigi na mkewe, akaja Kobe aliyeanza safari juzi. Nyani hakualikwa, na mtani haalikwi. Alikuja, ndu, ndu, ndu, akaketi mbele kabisa, akaanza kula kabla ya wenye sherehe, kama ada inavyotaka. Alikula mapera yote. Alikula ugali wote. Alilamba na mwiko.

Nyuma ya Bi Kishungi palikuwa na chungu kidogo, kimefunikwa kwa kawa jipya. Kila baada ya muda alifunua kawa upesi, akatoa kitu chekundu, akampa kinda mmoja, akafunika upesi, pap! Makinda wakameza, wakapanua midomo.

"Mama, tamu!"

"Mama, ongeza!"

"Mama, na mimi!"

Nyani akaacha kulamba mwiko. "Mtani, nini hicho?"

"Pilipili," akasema Bi Kishungi.

"Pilipili zipi?"

"Zile zile za mlangoni. Ni kali, Bwana Taya. Usile, zitakutoa machozi."

Wageni wote wakasikia. Na neno lake lilikuwa kweli tupu, halina hata punje ya uongo.

Nyani akawatazama wale makinda. Hawana manyoya, ngozi laini, macho ndiyo kwanza yanafunguka, na wanazimeza nzima nzima wakiomba nyingine. Akili yake ikaanza kufanya kazi, na akili ya mlafi ikianza kazi haipumziki. Akasema moyoni, kumbe huyu ana za aina mbili. Zile kali kazipanda mlangoni ili kututisha. Zile tamu kazificha ndani ya chungu.

"Mtani," akasema, "nionjeshe."

"Sikuonjeshi. Ni kali. Zitakutoa machozi mbele za watu."

"Bwana Taya," akasema Panya, "mimi nazijua hizo. Zile ni kali kweli kweli."

"Aha!" akasema Nyani. "Mmekula njama nyote! Mpaka Panya!"

Kinda mdogo akapewa nyingine. "Mama, tamu!"

Mate yakamdondoka Nyani. "Mtani, kwa mara ya mwisho. Lete chungu."

"Na mimi kwa mara ya mwisho," akasema Bi Kishungi, akisimama mbele ya chungu na kutandaza mabawa yake yote mawili, ambayo hayakutosha kufunika hata nusu yake. "Mbele ya Kanga, mbele ya Digidigi, mbele ya Kobe. Pilipili hizi ni kali. Nimekunyima. Usile."

Nyani akaupitisha mkono mrefu juu ya kichwa chake, akalitupa kawa kule, akachota kwa viganja viwili, akajaza mdomo. Nyafu, nyafu, nyafu. Akatafuna zote.

Wageni wakamtazama.

"Mnaona?" akasema Nyani huku akimeza. "Waongo wakubwa nyie. Ni tam..."

Neno hilo hajalimaliza mpaka leo.

Masikio yalisimama kwanza. Kisha nywele za shingoni. Kisha jasho jembamba likamtoka puani. Akataka kupiga ukelele, akamwona Kanga amenyoosha shingo anamtazama, na akaikumbuka sheria. Mtani hakasiriki. Akapiga moyo konde.

"Ha," akasema Nyani. "Ha. Ha."

"Cheka, mtani, cheka!" akasema Bi Kishungi.

"Ha! Ha! Machozi haya ni ya kicheko. Utani mzuri sana. Leteni maji."

Wakamletea mtungi. Gida, gida, gida, gida. Na ninyi mliokaa karibu na mtungi kule nyuma, nawaambia mapema, maji hayasaidii, yanautembeza moto tu. Moto ulikuwa kwenye ulimi, ukafika kooni, ukashuka tumboni.

Akafuta machozi kwa vidole. Vidole vile vile.

"Ha! Ha! Ha! Haaa!"

"Cheka, mtani, cheka!"

Haoni mbele, haoni nyuma. Mikono inawaka. Akaifuta kwenye makalio, maana huko ndiko nyani hufutia mikono. Akaketi. Akaruka juu! Akaketi tena kwa kusahau, akaruka tena. Digidigi na mkewe wakalala chini kwa kucheka. Kobe akaingia ndani ya gamba lake, na gamba likawa linatikisika.

Hapo Bwana Taya akashindwa. Akakipiga teke chungu, paa! Kikapasuka vipande vipande.

"Mwanaharamu wa ndege we! Nitakunyonyoa! Nitakunyonyoa na wanao!"

Mkono ukapanda juu kumpiga. Na kabla haujashuka, Kanga akapaza sauti ikasikika bonde zima:

"Kakasirika! Kakasirika! Kakasirika!"

Mkono ukabaki hewani.

"Sikukasirika," akasema Nyani. "Nilikuwa natania."

"Kakasirika! Kakasirika!"

"Amekasirika," akasema Kobe kutoka ndani ya gamba.

"Alinidanganya!" akalia Nyani.

"Alikudanganya nini?" akauliza Panya. "Alikwambia ni pilipili. Ni pilipili. Alikwambia ni kali."

Nyani akafungua mdomo ajibu, upepo ukaingia, akaufunga.

Utani ukafa pale pale, na aliyeuua akalipa. Bwana Taya akaenda pangoni kwake akakunja kitanda chake cha mtama. Akaleta kikapu cha kwanza. Kila alipovuka kijito alikaa kwanza ndani ya maji, chubwi, akatulia kidogo macho yamefumba, ndipo akaendelea. Akaleta cha pili. Akaleta cha tatu. Wageni walikuwa wamekaa mstari wanamtazama, hakuna aliyenyanyuka, sherehe ilikuwa nzuri.

Alipotua kikapu cha tatu, Bi Kishungi akafungua mdomo aseme lile neno. Kisha akakumbuka kwamba yule si mtani wake tena. Ni jirani, na ni mkubwa kwa umri.

"Ahsante sana, Bwana Taya," akasema kwa adabu. "Pole kwa kazi."

Nyani angependa zaidi achekwe. Akageuka akaenda zake, na ndipo wote wakaona makalio yake yalivyokuwa mekundu. Hayajarudia rangi yake mpaka leo.

Bi Kishungi akaingia kihengeni peke yake, akafunga mlango. Akagusa kikapu cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Halafu akacheka, na Panya huko chini alishtuka, maana hakuwahi kukisikia kicheko kile, kilikuwa kirefu na kilikuwa na machozi ndani yake.

Masika yakaja, yakapita. Makinda wote watatu wakaota manyoya wakaruka. Walikuwa wakishiba pilipili, wanaenda kutua juu ya pango la Bwana Taya, wanapumzika pale, na kufanya yale ambayo ndege hufanya akipumzika. Baada ya miezi michache kichaka cha pilipili kichaa kikaota mlangoni mwa pango. Kikastawi mno. Bwana Taya akachimba mlango wa nyuma.

Ngano yangu imefika hapo, miguu imechoka. Aliyeipenda aichukue, aliyeichukia aioshe kwanza kijitoni.

— Na funzo?

— Funzo mnalitaka? Funzo ni hili. Ukweli ni kitu kibaya sana, watoto wangu. Bi Kishungi aliusema mara tatu, mbele ya mashahidi, na tazameni alivyomuumiza jirani. Kama angedanganya kidogo tu, akasema zile pilipili ni tamu, yule mzee asingezigusa, na leo angekuwa anakalia makalio yake kwa raha. Kwa hiyo semeni uongo, muwe na huruma.

— Tumesikia!

— Haya, mtungi uleteni huku mbele. Na hicho kilichofunikwa hapo nyuma yangu, msikiguse. Ni kikali.